Mlango Juu ya Pikapu

Kitinda alifika kwa dada yake amebeba mlango kichwani. Haukuwa mlango wa maana. Rangi ya kijani ilikuwa imebabuka, bawaba moja haipo, kitasa kinacheza kama jino bovu. Aliuegemeza kwenye ukuta wa baraza, pale ambapo dada yake alikuwa akimsuka mteja, akajifuta jasho kwa kiganja.

"Dada, nimepata."

"Umepata nini? Kazi?"

"Mlango."

Mteja alicheka mpaka kichwa kikamponyoka msusi mikononi. Msusi hakucheka. Alikirudisha kichwa mahali pake, akaendelea na mstari wake, kwani alimjua mdogo wake. Kitinda akija na kituko, ujue nyuma ya kituko kuna ombi.

Ombi lenyewe lilikuwa baba yao.

Mzee alikuwa ndani, kwenye kiti cha karibu na dirisha, akitazama magari. Alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, na wenzake walimwita Breki, kwa sababu walisema katika pedali zote za gari ni hiyo tu ambayo mguu wake haukuijua. Sasa alikuwa mtu wa kuulizwa kama amekunywa chai akaangalia kikombe kwanza ndipo ajibu. Kuna siku alimwita msusi kwa jina lake, na kuna siku alimwita "mke wangu" na kumwuliza watoto wamelala. Muuguzi kule kliniki alikuwa amewaambia kwa upole kwamba dawa za presha zipo, lakini kwa hilo la kusahau, mzoeeni tu. Msusi alitoka pale akiwa na hasira, maana kumzoea alikuwa ameshamzoea.

"Nataka acheze kwenye filamu yangu," Kitinda alisema mteja alipoondoka.

"Baba?"

"Baba. Ni mzee mmoja, dereva mstaafu. Zamani mkewe alimkimbia, alipotoka akaubamiza mlango. Sasa mzee anaung'oa ule mlango, anaufunga juu ya pikapu, anavuka nchi nzima kumpelekea. Amwambie, mlango wako huu hapa, uje uufungue mwenyewe."

Msusi alimwangalia. "Si angempigia simu?"

"Angempigia simu, filamu ingeisha dakika ya pili."

"Na nani analipa?"

"Nani alipe nini? Pikapu ni ya rafiki yangu fundi makenika, ataendesha yeye. Kamera ni ya yule binti unayemfahamu, mpiga picha za harusi. Mimi naelekeza. Sisi hatuna hela ya kujenga jumba la kifahari wala kulipua helikopta, dada. Ila barabara ipo, hailipiwi kodi ya pango. Mtu yeyote mwenye gari bovu na watu wawili wasioelewana ana filamu."

"Na watu watalipa kiingilio waangalie gari bovu?"

"Mimi nililipa." Kitinda alikaa chini, mgongo kwenye mlango wake. "Nilikuwa sina kazi, nimeingia tu ukumbini kwa sababu mna feni. Wakaonyesha moja ya hizo filamu za watu wasio na pesa. Watu wanasafiri na jokofu. Hakuna anayepigwa risasi. Wanapotea, wanagombana, wanagawana mkate, tairi linapasuka. Mwisho hata hawafiki. Nikatoka nje nalia, nikashindwa kujua nalilia nini. Jokofu?" Alicheka peke yake. "Nataka kumpiga picha baba akiwa bado yupo, dada."

Msusi alikuwa na mengi ya kusema. Mzee hajui kama ni Jumatatu au Ijumaa, sasa utamfundisha maneno ya kusema? Mtu mzima na akili zake anang'oa mlango? Na wateja wake je, nani atawasuka? Lakini kutoka ndani baba yao aliuliza, kwa sauti ya zamani kabisa, ile iliyokuwa inamtoa msusi kitandani kabla ya adhana ya kwanza:

"Gari linaondoka saa ngapi?"

Basi yakaishia hapo.

*

Walitoka asubuhi. Makenika alikuwa kwenye usukani, mzee pembeni yake, msusi kiti cha nyuma na mfuko wa dawa mapajani, na kando yake mpiga picha amekumbatia kamera kama mtoto mchanga. Kitinda alipanda nyuma kwenye mizigo, chini ya mlango uliofungwa kwa kamba juu ya vyuma.

Kero zilianza mapema. Kwenye kizuizi cha kwanza askari aliuzunguka mlango mara mbili, akataka stakabadhi ya kuununua. Kitinda alipomwambia ni wa filamu, askari aliuliza nyota wa filamu ni nani. Mzee alishusha kioo, akamsalimia, akamwuliza kama mkuu wake wa zamani, yule mwenye kitambi, bado anapokea kuku. Askari alikosa pa kuangalia. Akawaruhusu wapite, lakini si kabla ya kumwita mwenzake waucheke mlango pamoja.

Kituo cha mafuta kilikuwa kibaya zaidi. Mzee alibanwa, na mwenye funguo za choo alisema choo ni cha wateja. Msusi alimwonyesha pikapu. Yule kijana akasema mafuta waliyoweka hata pikipiki ingeyadharau. Wakati wakibishana, suruali ya mzee ililoa. Msusi aliivua khanga yake ya begani, akamfunga baba yake kiunoni mbele ya foleni ya magari, akampeleka nyuma ya ukuta kumbadilisha. Mzee alisimama wima, mikono juu kidogo, kama anayekaguliwa mpakani.

"Tunachelewa," ndilo neno pekee alilosema.

Aliporudi kwenye gari msusi aliona kamera iko chini, kwenye miguu ya mpiga picha, na kifuniko chake kimefungwa. Alitaka kumshukuru yule binti, akashindwa, akampa ndizi.

Shida ilikuja walipotaka kumpiga picha mzee akiendesha. Kumwachia gari hakuna aliyethubutu. Kitinda akatafuta barabara ya vumbi iliyonyooka, isiyopitwa sana, akamkalisha baba yake kwenye usukani, akazima injini na kuuficha ufunguo mfukoni. Mpiga picha akakaa kiti cha pembeni. Nyuma, mahali kamera haioni, Kitinda, makenika na msusi wakainama, wakaanza kusukuma.

Pikapu ikaenda. Mzee akakunja kiwiko dirishani. Akawa anatazama vioo vyote, cha kushoto, cha kulia, kama mtu anayeongoza malori mengine nyuma yake. Alibadilisha gia. Akaimba kidogo, wimbo usio na maneno. Kule nyuma msusi alikuwa ameng'ata midomo, viatu vimejaa mchanga, jasho linaingia machoni.

"Hii gari haina pumzi!" mzee alipiga kelele.

"Tutaipeleka kwa fundi, baba!" makenika alijibu akihema.

Msusi ndiye aliyeanza. Kicheko kilimshika kiunoni, akashindwa kusukuma, akakaa chini barabarani. Kitinda naye akaanguka. Pikapu ikaenda kidogo kwa nguvu ya mwisho, ikasimama, na mzee akafungua mlango akateremka kwa adabu zake, akauliza kama kuna pancha. Msusi alilala chali kwenye vumbi na kuangalia mbingu. Hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka mpaka mbavu zikauma. Barazani kwake watu hucheka, yeye husuka.

*

Mchana uliofuata walipumzika kwenye kibanda cha chai kando ya barabara. Kitinda alifungua kompyuta yake, akaifunika kwa koti kukinga jua, wakaingiza vichwa mle ndani kuangalia walichopiga.

Msusi alikuwa ametarajia kuona upuuzi. Aliona barabara, ndefu, haina kitu. Kisha pikapu ikaingia kwenye picha taratibu, ndogo, na mlango wa kijani juu yake kama kofia iliyomzidi mtu kichwa. Hakuna muziki. Pikapu ilipita, ikatoka, na barabara ikabaki peke yake kwa muda mrefu kupita kiasi. Alitaka kusema katisheni sasa, na hapo hapo akagundua hataki ikatishwe.

Halafu uso wa baba yake, karibu kabisa. Ule uso aliousugua kwa kitambaa kila asubuhi. Kwenye kioo kile haukuwa uso wa mgonjwa. Ulikuwa uso wa mtu anayekwenda mahali.

"Unaona sasa?" Kitinda alinong'ona chini ya koti.

"Kwa nini hajasahau?" msusi aliuliza. "Nyumbani anasahau kijiko mkononi. Hapa tangu jana hajaniuliza mimi ni nani."

"Nyumbani hakuna anachokifuata," Kitinda alisema. "Barabarani si lazima ukumbuke. Unaangalia mbele tu."

Msusi aliyafikiria hayo. Kwa mara ya kwanza alielewa kwa nini mtu alipe kiingilio. Si jokofu wala mlango. Ni kuwaona watu waliofungiwa pamoja ndani ya gari, hawana pa kukimbilia, mpaka wanaanza kupendana kwa kukosa kazi nyingine.

Walipotoa vichwa, mzee alikuwa amesimama mbele yao na kikombe cha chai. Alikuwa amechana nywele.

"Mama yenu anajua tunakuja?" aliuliza.

Mpiga picha alijifanya anafuta lenzi.

"Baba," Kitinda alisema, "hii ni filamu. Unakumbuka tulivyokwambia? Yule mke ni wa kwenye filamu."

"Najua ni filamu," mzee alisema, akiwa amekasirika kidogo, kama mtu anayeelezwa kazi yake. "Mimi nauliza kama mama yenu anajua. Kufika kwa mtu ghafla si vizuri. Nina maneno naye."

Mama yao alikuwa hai. Aliondoka msusi akiwa msichana wa shule na Kitinda akiwa mgongoni, baada ya miaka ya kuolewa na mtu anayekuja nyumbani kubadilisha nguo. Hakuubamiza mlango wowote. Aliurudishia taratibu ili asiamshe majirani. Aliwalea watoto kwa dada yake, akaolewa na mshona nguo, akawa mjane, akabaki na cherehani na duka la sare za shule katika mji ambao, kwa hesabu ya Kitinda alipopanga safari yake, ulikuwa mbele kidogo tu ya pale barabara ya filamu ilipoishia. Msusi alimtazama mdogo wake, na mdogo wake akatazama kompyuta.

"Ulipanga," msusi alisema.

"Nilipanga barabara," Kitinda alisema. "Mji ndio ulikuwa pale."

*

Injini ilikufa kabla ya jua kuanza kushuka. Haikufa kwa makelele. Iliguna tu, moshi mweupe ukatoka, maji yakachuruzika chini kama damu ya mnyama aliyechinjwa. Makenika alifungua boneti, akaitazama, akaifunga tena kwa heshima.

"Kichwa cha injini kimepasuka," alisema. "Hapa hata malaika hawana spea."

Alipiga simu huku na huku. Dereva mmoja wa lori waliyefahamiana naye alikuwa anapita akirudi upande wa kwao. Angewavuta kwa kuchangiwa mafuta tu, lakini mpaka nyumbani moja kwa moja, na atakuwa hapo jioni. Asipowakuta hasubiri. Hela kidogo iliyobaki ya kumleta mwigizaji wa kike aliyeahidiwa sehemu ya mke, sasa ilikuwa ya mafuta ya kulichangia lori na chakula cha njiani. Filamu haikuwa na mwisho.

Kitinda alikaa kwenye ukingo wa barabara akaushika uso wake. Baadaye akainua kichwa. "Mpigie mama."

"Kwa ajili ya baba, au kwa ajili ya kamera?"

Alifikiri kwa uaminifu, na hilo ndilo lililomuumiza dada yake zaidi. "Sijui, dada. Vimeshachanganyika."

Msusi alisogea mbali na gari ndipo akapiga.

"Nani kafa?" mama yake aliuliza. Nyuma ya sauti cherehani ilikuwa ikienda.

"Hakuna aliyekufa, mama. Niko na baba. Tumeharibikiwa barabarani, karibu na kwako."

Cherehani ilinyamaza.

"Anakutafuta," msusi alisema. "Akili yake si nzuri sana siku hizi, lakini hili halijamtoka. Anasema ana maneno na wewe."

"Leo?"

"Mama..."

"Nauliza tu. Leo ndiyo ameyapata?" Kisha: "Mimi nilikwisha kumsubiri mtu huyo, mwanangu. Nilimsubiri vya kunitosha." Simu ikakatika, na msusi hakujua kama ni mtandao au ni mkono.

Alirudi kwenye gari, akampa baba yake vidonge na maji. Mzee alimeza, akarudisha kikombe.

"Amesemaje?"

"Nani, baba?"

Mzee alimwangalia kwa huruma, kama yeye ndiye mgonjwa.

*

Mama yao alikuja kwa pikipiki ya kukodi. Alishuka upande wa pili wa barabara, akamwambia dereva asubiri, akasimama akipukuta vumbi kwenye gauni ambalo si la kushindia dukani. Lilikuwa limepigwa pasi na mistari yake bado inakata. Msusi alipomkaribia kumwamkia aliona jambo lililomfanya ainamishe macho: mama yake alikuwa amejipaka wanja.

Mzee alikuwa kwenye kiti cha mbele, mlango wa gari wazi, miguu nje. Mpiga picha aliinua kamera, akamtazama msusi. Msusi hakusema ndiyo, hakusema hapana.

"Hujambo," mama alisema.

"Sijambo, mama, karibu." Mzee alimkagua taratibu, juu mpaka chini, kama anavyokagua mtu mzigo aliofungiwa na wengine. Uso wake ukachangamka. "Aa! Wewe ndiye uliyeletwa kucheza mke wangu?"

Mama aliwageukia watoto wake, mmoja mmoja. Kitinda alifumbua mdomo. Msusi alitikisa kichwa kidogo sana. Lori lingefika wakati wowote, na hapakuwa na njia ya kumweleza mtu miaka yote hiyo kando ya barabara.

"Ndiyo," mama alisema. "Mimi ndiye."

"Wamechagua vizuri. Sauti umeipata kabisa. Ila mke wangu ni mwembamba. Na hacheki hovyo."

"Sijacheka."

"Hapo sasa! Hivyo hivyo." Mzee alipiga paja kwa furaha, akajisogeza ampe nafasi. Mama akakaa. Wakawa bega kwa bega kwenye kiti kimoja, wanatazama kioo cha mbele chenye wadudu waliokufa. Tangu msusi azaliwe hakuwahi kuwaona wazazi wake wamekaa ndani ya gari pamoja.

"Mnaenda mbali?" mama aliuliza.

"Tumekaribia. Ni hapo mbele tu. Anashona, nimeambiwa. Kushona alijua tangu zamani, mimi ndiye sikununua mashine. Kila safari nilisema nitanunua nikirudi."

Mama alikuwa ameshika mkanda wa mkoba wake kwa mikono miwili. "Na ukifika utamwambia nini?"

Mzee alivuta pumzi. Uso wake ulibadilika, ukawa mzito, ukawa mzima. Kitinda, bila kujua, alisogea hatua. Saa ilikuwa imefika, midomo ya baba yake ilikuwa imeshaanza kulishika neno lenyewe. Kisha mzee aliiona kamera. Alitikisa kichwa, akamwinamia yule mama, akashusha sauti.

"Hayo si ya sinema. Usinichukie, mama yangu, wewe uko kazini. Lakini hayo nimemwekea mwenyewe."

"Hata kidogo?" mama alisema. "Nipate kujua namna ya kuigiza."

"Hata kidogo."

Msusi alikimbilia dirishani. "Baba, ndiye! Huyu ndiye mama. Mtazame vizuri!"

Mzee alimtazama vizuri. Alimtazama mpaka mama mwenyewe akashindwa kuvumilia kutazamwa. Halafu akamgeukia binti yake, akamgusa mkono, akasema kwa upole, "Amefanana naye, mwanangu, siwezi kukataa. Mtoto wa watu amejitahidi."

Kamera iliteremshwa. Mpiga picha alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati.

Lori lilifika likipiga honi. Dereva wake hakuzima hata injini. Walifunga cheni haraka haraka, makenika akaingia kushika usukani, mama akateremka kumpisha mzee akae sawa. Aliurudishia mlango wa gari, akaukandamiza kwa kiganja mpaka ukashika.

"Mama," mzee alimwita dirishani. "Ukiwa unapita huko mbele, ukimwona, mwambie niko njiani."

"Nitamwambia," mama alisema.

Msusi na Kitinda walipanda nyuma. Hakuna aliyemkumbatia mama yake. Alikuwa amekunja mikono kifuani, na ilieleweka kwamba akiguswa atavunjika. Lori likaigeuza pikapu kwa shida, upana wote wa barabara, ikiyumba kwenye cheni, na wote wakaelekea kule walikotoka. Ndani mzee aliuliza kitu, makenika akajibu kitu, mzee akauliza tena.

Magari yakaanza kujipanga nyuma yao, kwa kuwa mwendo ulikuwa wa konokono. Mzee aliyaona kwenye kioo. Akatoa mkono mrefu dirishani, kama madereva wa zamani walivyofanya, akaanza kuyaashiria: njia nyeupe, piteni, piteni. Kule mbali, kando ya pikipiki iliyokuwa ikimsubiri, mama yao aliuona mkono ule. Akasita. Kisha naye akainua wake, akapunga, na akaendelea kupunga mpaka kona ikawaficha.